Anaconda 3: juu ya nini ile nyoka inachekesha pahali pa kutisha?

Ulizo lilifika kwa telefone, jioni, kisha kipindi cha michezo. Kijana mumoja akasema: "Kaka mutangazaji, nilitazama Anaconda ya tatu kwa video ya kwetu. Ile nyoka inatoboa mutu na mukia. Iko kweli ao ni bongo? Na kama iko kweli, inaweza kufika huku?" Mwenzangu ku studio akacheka. Lakini kesho yake mama mumoja akapita ku radio kuleta tangazo la matanga, akauliza karibu neno lile lile, na yeye hakucheka hata kidogo. Shamba yake iko kando ya bwawa, na watoto wake wanateka maji pale kila asubuhi. Watoto hao walikuwa wametazama filme ile kwa jirani, na tangu siku hiyo wanakataa kwenda kuteka maji.

Njo maana ya makala hii. Tunataka kueleza namna ile filme ilitengenezwa mupaka ikatoka vile ilitoka, na kisha tuseme wazi nini ndani yake iko kweli na nini iko bongo. Wale ambao hawajaitazama wasiogope kama tutawaharibia utamu. Hakuna mingi ya kuharibu.

Kwanza tupange vizuri, juu watu mingi wanachanganya hizi filme. Kosa si lao. Ku masoko yetu diske moja inabeba filme kumi ao kumi na mbili. Picha ya juu ni ya filme moja, ndani kuko ingine. Mara zingine kuko sauti ya mutafsiri wa Kiswahili, kwa mutindo ule wa Lufufu wa Tanzania, anayeeleza hadithi kwa utamu kupita filme yenyewe. Upande wa Bunia na Beni zinafika pia zile zenye kutafsiriwa Kiganda, na mutu asiyesikia Kiganda anatazama picha tu. Kiisha anasema "nilitazama Anaconda," lakini hajui ni ipi.

Ya kwanza kabisa ilitoka mwaka wa 1997. Iliongozwa na Luis Llosa, mutu wa Peru, na ndani yake kuko Jennifer Lopez, Ice Cube na Jon Voight. Ilikula dola milioni 45 hivi na ikaingiza zaidi ya milioni 130 duniani kote. Ile haikuwa filme ya masikini. Walitengeneza nyoka ya mashine, yenye ngozi na mifupa ya chuma, yenye kuingia ndani ya maji kweli kweli, na pahali mashine haikuweza, wakatumia ordinatere. Hata hivyo makosa hayakukosa. Kuko pahali mashua inaondoka na nyuma yake maji ya maporomoko yanapanda juu pahali pa kushuka: walirudisha picha kinyume ili mashua ionekane kama inaenda, wakasahau maji. Ukiipata tena, angalia vizuri, utaona. Roger Ebert, muchambuzi mukubwa wa filme wa Marekani, aliisifu sana. Wengine wakaiweka ku liste ya filme mbaya za mwaka, ile ya zawadi za Razzie. Mimi niko upande wa Ebert. Ile nyoka ya kwanza ilikuwa na uzito. Ilipogusa mutu, uliona mutu ameguswa.

Ya pili ilitoka mu 2004. Hadithi yake iko Borneo, kule Asia, ijapokuwa picha walizipiga ku visiwa vya Fiji. Shirika moja la dawa linatafuta ua jekundu lenye kurefusha maisha, na kumbe nyoka za pale zinakula uzima wa ua lile, njo maana zinakuwa kubwa. Neno moja tu: Borneo haina anaconda. Anaconda ni nyoka ya Amerika ya Kusini, ya mito ya Amazon na Orinoco na mabwawa ya kule. Borneo iko na chatu ya Asia, ambayo ni ndefu kupita nyoka zote duniani, na ambayo imekwisha kumeza watu kweli: ku Indonesia, kisiwa cha Sulawesi mu 2017, na kisiwa cha Muna mu 2018. Kwa hiyo watu wa filme walikuwa na nyoka ya kweli ya kutisha pale pale, wakaiacha, wakaleta ya bara lingine juu ya jina. Jina njo lilikuwa linauza.

Sasa tufike ku ya tatu, ile ya kijana wetu. Jina lake lote ni Anaconda 3: Offspring, maana yake uzao. Haikuonyeshwa ku sinema kubwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya televizyo, na ikapita ku chaneli ya Marekani yenye kuitwa Sci Fi mu mwezi wa saba 2008. Picha zilipigwa Romania, Ulaya ya mashariki, pahali wafanyakazi na studio hawaombi makuta mingi kama Hollywood. Na hawakupiga moja tu: ya tatu na ya nne zilipigwa zikifuatana, kwa safari moja, na muongozaji mumoja, wachezaji wamoja wamoja, pori lile lile. Ya nne ikaonyeshwa mwanzo wa 2009. Ni sawa na mama anayepika maharagwe ya siku mbili mu chungu kimoja. Si vibaya, lakini siku ya pili unasikia.

Hadithi ni hii. Tajiri mumoja, Murdoch, ana kansere ya mifupa. Analipia laboratware moja ili watafute dawa ndani ya mwili wa anaconda, kwa kutumia lile ua la filme ya pili. Wanafunga nyoka kubwa ndani ya kizuizi. Tajiri anafika kutembelea, anaimulika na tochi ku macho, nyoka inakasirika, inavunja, inatoka. Wanaitwa wawindaji wa kulipwa. Nyoka iko na mimba. Kiisha watu wanakufa mumoja mumoja mupaka mwisho.

Kwa kweli hadithi si mubaya. Tajiri mugonjwa anayetaka kununua uzima, na watu wa kazi njo wanakufa pahali pake: filme yenye makuta ingeweza kufanya kitu kikubwa na neno hilo. Shida inaanza pale nyoka inaonekana.

Hapa tusimame kidogo, juu watu wanafikiri kama ordinatere inafanya kila kitu bure, unabonyeza na nyoka inatoka. Sivyo. Fikiria nyoka ya tani moja inapita juu ya majani. Kwanza majani yanapaswa kulala chini yake. Kisha jua linalopiga mti linapaswa kupiga pia mugongo wa nyoka, kutoka upande ule ule, na kivuli kianguke pahali pake. Kama mvua imenyesha, ngozi inapaswa kungaa. Kama nyoka inagonga mulango, mulango unapaswa kuvunjika wakati ule ule, si mbele, si nyuma. Na mutu anayetazama nyoka, macho yake yanapaswa kuwa ku kichwa cha nyoka, lakini siku ya kupiga picha nyoka haiko. Kuko labda kijana mumoja anashika fimbo yenye mupira ku ncha. Kila moja ya hizo kazi inafanywa na mutu anayekaa mbele ya ordinatere siku mingi, kwa picha ya sekunde tatu ao ine. Mutu huyo anaomba mushahara. Filme yenye makuta inamupa miezi. Filme ya televizyo inamupa siku kidogo na kumwambia afanye haraka, juu tarehe ya kuonyesha imekwisha kutangazwa.

Tazama tena Anaconda 3 na jicho hilo. Majani hayalali. Nyoka inapita juu ya matope na hakuna alama. Wakati inafika mbele ya mutu, rangi yake iko ya rangi ingine na pori, kama picha iliyobandikwa juu ya picha. Damu inaruka, haiangukii nguo. Na wawindaji wanapiga risasi wakitazama kila mutu upande wake. Watoto wa kwetu waliona hayo bila kufundishwa. Mimi nilikuwa mu kibanda cha video siku moja, watu wamejaa, groupe inalia kule inje, na mutoto wa miaka kumi hivi akapiga kelele: "Iko inaelea!" Watu wote wakacheka. Alikuwa amesema ukweli. Nyoka isiyo na uzito inaelea.

Mutu anaweza kusema: basi, kama hakuna makuta, wangefanya nini? Jibu lilipatikana zamani. Mu 1975 Steven Spielberg alipiga filme ya papa, ile tunaijua kwa jina la Kifaransa Les Dents de la mer. Papa yake ya mashine ilikuwa inaharibika kila siku ndani ya maji ya chumvi. Akalazimika kuificha. Akaonyesha maji, miguu ya watu, muziki, na papa yenyewe haionekani vizuri mupaka saa moja na zaidi inapita. Watu wakaogopa kupita vile wangeogopa mashine. Kuficha hakuombi makuta. Lakini Anaconda 3 inafanya kinyume: inatuonyesha nyoka yote, mapema, muchana, mara mingi. Kinachonishangaza ni kama muongozaji wake, Don E. FauntLeRoy, mbele ya pale alikuwa mupiga kamera wa Jeepers Creepers ya 2001, filme ambayo kitu chake cha kutisha kinakaa mu giza kwa muda murefu. Alijua. Nafikiri wenye chaneli ndio walitaka nyoka ionekane mapema, ili mutu mwenye kushika telekomande asibadilishe. Filme ya televizyo inaogopa telekomande kupita vile watu wake wanaogopa nyoka.

Juu ya wachezaji, tuseme kidogo. Mukubwa wa wawindaji ni David Hasselhoff, yule wa K2000 na Alerte à Malibu, ambaye wazee wetu wenye televizyo wakati ule wanamukumbuka. Hapa anachoka wazi wazi. Crystal Allen, dokta wa nyoka, anajaribu sana. Tajiri ni John Rhys-Davies, yule wa Indiana Jones na Le Seigneur des anneaux, na jambo ambalo watu mingi hawajui: sehemu ya utoto wake aliishi Tanganyika wakati wa ukoloni, hapa hapa jirani. Yeye peke yake anacheza kama vile yuko ndani ya filme nzuri.

Tufike ku ulizo la mama. Nini iko kweli?

Mukia wa kutoboa, bongo. Hakuna nyoka yenye mukuki ku mukia. Anaconda haina sumu pia. Inauma ili ishike, kiisha inajizungusha na kukaza. Zamani walisema inakosesha pumzi. Utafiti uliofanywa ku nyoka jamaa yake umeonyesha kama kukaza kunasimamisha damu, na mnyama anazimia haraka sana. Kulia, bongo: nyoka haina koo ya kutoa sauti kama simba, inapuliza tu. Kukimbiza gari, bongo. Nyoka nene kama hiyo inatambaa ku inchi kavu polepole kupita mutu anayetembea. Kazi yake ni kulala pahali pamoja na kungojea. Na kula mutu kila kisha dakika tano, hiyo njo bongo kubwa. Nyoka ikimeza mnyama mukubwa, inaenda kulala, na inaweza kukaa majuma mingi, hata miezi, bila kula. Ingekuwa filme ya kweli, ingeisha kisha mutu wa kwanza. Hata baridi ya pori la Romania haifae: nyoka haijitengenezei joto ya mwili, na anaconda ya Amazon kule ingekuwa nzito na mulegevu.

Urefu pia. Anaconda ya kweli, ile ya rangi ya kijani, jike kubwa inafika metre tano, mara kidogo sana inapita kidogo, na kilo karibu mia. Ni nyoka nzito kupita zote. Lakini si basi ya abiria.

Jambo moja filme ilisema kweli, na pengine bila kujua: mimba. Anaconda haitage mayai. Inazaa watoto wenye uzima, ishirini, makumi matatu, hata zaidi. Na jike njo kubwa, dume ni kadogo. Chatu ya kwetu inataga mayai na kujizungusha juu yake.

Kwa hiyo kwa mama wa bwawa: anaconda haiko Congo, haiko Afrika. Yenye iko ni chatu. Kwa kawaida ina metre tatu mupaka tano. Kuko hadithi ya Katanga, ya 1959, wakati rubani mumoja Mubelgiji, Remy Van Lierde, alirudi na picha ya nyoka aliyoiona kutoka ku helikopta, akasema ilipita metre kumi na mbili. Picha inazunguka mupaka leo. Lakini hakuna mutu ambaye ameleta mufupa ao ngozi ya nyoka kama hiyo, na picha ya kutoka juu, bila kitu cha kupimia kando yake, haipimi kitu. Chatu kubwa inaweza kukamata mbuzi ao imbwa, na mutoto mudogo asiachwe peke yake kando ya maji yenye majani marefu. Hilo lilikuwa neno la wazee mbele ya sinema. Wakati mingi inakula panya, wale wale wanaokula mahindi na mihogo ya mama. Tumeona vijana wakibeba chatu iliyouawa juu ya baiskeli wakiita "anaconda," na watu wanalipa ili wapige picha. Ilikuwa na metre tatu. Shamba lile sasa liko la panya.

Na jambo ambalo lingepaswa kuogopesha watoto, filme haionyeshe. Nyoka zinazoua watu huku kwetu ni ndogo. Ni kifutu, mufupi na munene, anayelala ku njia, ni swila anayetema, ni koboko, ni ile ya pori yenye kichwa kipana, vipere ya Gabon, inayofanana na majani makavu mupaka unaikanyaga. OMS inakadiria kama watu kati ya 81 000 na 138 000 wanakufa kila mwaka duniani juu ya kuumwa na nyoka, na mu 2017 iliweka jambo hilo kati ya magonjwa yaliyosahauliwa. Mingi kati yao ni wakulima, na watoto.

Kuko pia namna ya filme ya kuponya: mutu anakata pahali pa kuumwa na kisu, ananyonya, anatema. Musifanye hivyo. Musifunge kamba kwa nguvu, inaweza kuua muguu wote. Na lile jiwe jeusi, pierre noire, ambalo nyumba mingi zinaliweka mu sanduku: halitoi sumu. Linapoteza saa. Mutoe pete, bangili na viatu mbele ya kuvimba. Mufunge muguu ao mukono na kipande cha mti pembeni, kama umevunjika, usitikisike. Mugonjwa asikimbie, asitembee. Apakiwe ku motari ao ku tipoyi, apelekwe santre ya afya mara moja. Kama kuko namna, mutu atangulie kupiga telefone ili wajue kama wako na dawa ya sumu ao wamutume ku hospitali kubwa moja kwa moja.

Kwa kijana wetu wa telefone: ya nne, Anaconda ya 2009, inaendelea pale ya tatu iliishia. Tajiri bado ana kansere, Crystal Allen bado anakimbia, na sasa nyoka ikikatwa inaota tena, jambo ambalo lilisaidia wenye filme kutumia nyoka ile ile. Kiisha mu 2015 waliikutanisha na mamba wa Lake Placid ndani ya filme moja, iliyopigwa Bulgaria. Kama utaipata ku diske, tuambie kama majani yalilala.